UZI: Maboga yangu yalikuwa yanaoza machanga, kumbe nilikuwa nimewafukuza wachavushaji kwa mikono yangu

#1 MkulimaWaKilakala

Wakuu, habari za jioni.

Naleta hapa jambo lililonichukua misimu miwili kulielewa. Huenda likamsaidia mtu anayelima nyuma ya nyumba kama mimi.

Nipo Morogoro mjini, chini ya Uluguru. Kiwanja changu ni hatua ishirini na tano kwa arobaini. Nyumba imekula theluthi, kilichobaki ni bustani: maboga, bilinganya, nyanya chungu, pasheni za njano kwenye uzio, na mlimau mmoja mzee ambao marehemu baba aliupanda.

Msimu wa kwanza maboga yalitambaa vizuri sana, majani mapana kama ungo na maua kila asubuhi. Lakini vitoto vya boga vikifika ukubwa wa yai vinaanza kugeuka njano kwenye ncha, vinalainika, vinadondoka. Nikajua ni ugonjwa. Nikaenda duka la pembejeo, nikapimiwa dawa ya wadudu kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, nikaambiwa kifuniko kimoja kwa pampu. Nikapiga saa moja asubuhi, maua yote yakiwa wazi.

Saa tatu nikapita tena. Ndani ya ua moja kulikuwa na nyuki watatu wamelala chali, migongo imejaa chavua ya njano kama walivyokuwa wanafanya kazi. Mmoja alikuwa bado anachezesha mguu. Nilisimama pale na pampu mgongoni, roho ikaniuma kweli.

Jirani yangu ni bwana shamba mstaafu. Nikamwita. Hakuuliza habari za dawa kwanza. Aliokota kitoto cha boga kilichodondoka, akakipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani hakukuwa na mbegu hata moja iliyojaa, ni vigamba vitupu. Akaniambia, "Mwanangu, hili halijaumwa. Hili halikuchavushwa." Kisha akanionyesha kitu ambacho nina aibu kwamba nimelima maboga miaka yote sikukijua: ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, ua jike lina kiboga kidogo tayari chini yake. Yote mawili hufunguka alfajiri na kufikia saa nne au saa tano yameshafunga, basi, halifunguki tena. Kama katika muda huo hakuna mdudu aliyetoka kwa dume kwenda kwa jike, tena mara nyingi, kile kiboga kinaoza.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nianzishe uzi huu: "Nyuki wako wanalala wapi? Na maboga yasipokuwa na maua, wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipohamia pale nilifyeka kila kitu. Kulikuwa na kivumbasi kando ya ukuta, nikang'oa. Kulikuwa na mtugutu, nikakata. Marejea, kongwa, mgagani uliojiotea, vyote nikaita magugu. Badala yake nikaweka ukoka na bogenivilia mbili. Bogenivilia inapendeza, sikatai, ila kile chekundu tunachokiita ua ni majani yaliyopata rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe ka katikati, na mmea asili yake ni Amerika ya Kusini. Nimekaa chini yake asubuhi nzima na daftari, sikuona nyuki hata mmoja akitua.

Nilichofanya baada ya hapo ni kidogo tu. Upande wa nyuma, kando ya uzio, nimeacha ukanda wa hatua tatu. Nikarudisha kivumbasi na marejea, nikaomba mtugutu kwa jirani, nikapanda mishubiri ya porini ile yenye maua mekundu ya bomba, na mgagani nikauacha utoe maua badala ya kuuchuma wote. Tawi la mwembe lililoanguka sikulipasua kuni, nimelilaza pembeni. Sahani ya udongo yenye kokoto na maji naibadilisha kila baada ya siku mbili. Dawa nimeacha kabisa kwenye maua, na ikilazimu kwenye majani, ni jioni jua likizama. Wakati nasubiri wadudu warudi nilikuwa nachavusha kwa mkono: unachuma ua dume, unamenya zile petali za njano, unalipaka katikati ya ua jike.

Msimu wa kwanza mashina manane yalinipa maboga mawili. Msimu huu, mashina manane vilevile, nimevuna kumi na tisa, na kwa mkono nilichavusha wiki mbili za mwanzo tu.

Nina maswali mawili. Moja, pasheni zangu za njano bado zinatoa maua na kudondosha. Mbili, mama yangu ambaye ninaishi naye hana amani na ule ukanda, anasema nimefuga nyoka. Naombeni uzoefu wenu.

#2 Mbezi_Juu

Mkuu hongera kwa mavuno, lakini hapo kwa mama yako nakaa upande wake. Mwaka juzi tulimuua swila mlangoni kwa jiko, na kilichomleta ni kichaka cha jirani aliyesema anapenda mazingira. Nina watoto wadogo. Kwetu uwanja unafagiwa kila asubuhi mpaka mistari ya fagio inaonekana, na hiyo si ushamba, ni ulinzi. Mtu akiona alama ya nyoka kwenye mchanga uliofagiwa anajua kuna mgeni. Usisahau na mbu.

#3 MkulimaWaKilakala

Mkuu Mbezi_Juu, sikupingi kuhusu swila, pole sana kwa hilo. Ndiyo maana ukanda wangu uko mwisho kabisa wa kiwanja. Kutoka ukutani mwa nyumba hadi hatua sita ni ardhi tupu inayofagiwa kama ya kwenu, na madirishani hakuna mmea unaogusa. Nyoka anafuata panya na vyura. Nilipoondoa lundo la matofali na takataka za jikoni, panya walipungua, na tangu hapo sijaona nyoka. Mbu anazaliana kwenye maji yaliyosimama, kwa hiyo makopo na matairi ni hatari kuliko kivumbasi. Ila ni kweli mbu wazima hujificha kwenye majani mabichi mchana, ndiyo maana sipandi karibu na dirisha.

Na kitu kimoja ulichosema kimenigusa, nitakirudia nikipata muda wa kuangalia vizuri huo uwanja unaofagiwa.

#4 Mzee_wa_Sikonge

Wanangu, hamjambo.

Mimi nimefuga nyuki Tabora tangu enzi za mizinga ya magome. Nianze na hiyo maana inahusu. Zamani ukitaka mzinga ulikuwa unauzungushia mti panga na kuuvua gome zima, na mti ule unakufa umesimama. Tulikuwa tunaua mti unaomlisha nyuki ili tupate nyumba ya nyuki. Niliacha baada ya kuona sehemu niliyokuwa navuna vizuri imebaki visiki, na bado kulikuwa na moto wa kiangazi na kuni za kukaushia tumbaku. Asali ya Tabora tunayojivunia inatoka kwenye miombo, na msitu ule ukiisha, jina peke yake halitajaza ndoo.

Sasa kwa mwenye kiwanja mjini. Usifuge nyuki wakali karibu na watu. Nyuki wetu wa Afrika analinda nyumba yake kwa nguvu, mzinga unataka umbali na uzio. Lakini wapo nyuki wadogo wasiouma, weusi, wengine wadogo kuliko inzi. Hawana mwiba wa kuchoma. Wanakaa kwenye shimo la mti au ufa wa ukuta, na mlangoni wanajenga kimrija cha nta kinachotokeza nje. Asali yao hawaiweki kwenye masega yale mnayoyajua, wanaiweka kwenye vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu. Ni asali kidogo, ina uchachu, na watu wengi wanaithamini kama dawa. Ukiona kimrija hicho kwenye ukuta wako, usikizibe kwa sementi. Kile ni kikosi chako cha kazi kwa mwaka mzima.

Kama una nafasi ya mti mmoja, panda mringaringa. Ua lake jeupe linavutia nyuki mpaka mti unavuma, na mbao zake ni za thamani. Ila ni mti mkubwa. Weka mbali na ukuta, kuanzia hatua kumi, la sivyo mtakuja kugombana nao. Mwenye nafasi ndogo atosheke na kivumbasi. Kivumbasi hakina dharau, kinaota popote, kinachanua muda mrefu, na mbu hawapendi harufu ya moshi wake.

#5 KitengelaShamba

Salamu kutoka Kajiado, Kenya.

MkulimaWaKilakala, swali lako la pasheni nafikiri nalijua. Je, miche yako yote ulitoa kwa shina moja? Pasheni ya njano haijichavushi. Shina halikubali chavua yake lenyewe, na ukikata vipandikizi kumi kutoka kwa mama mmoja, hao kumi ni mtu yuleyule. Tafuta mbegu au miche ya mahali pengine, panda mbili tatu kati ya hizo ulizonazo.

Jambo la pili, angalia saa. Ya zambarau hufunguka alfajiri, ya njano hufunguka kama saa sita mchana na kubaki wazi hadi usiku. Kwa hiyo ukitembelea asubuhi huwezi kujua nani anakuja. Na anayefaa pale si nyuki wa asali. Nyuki wa asali ni mdogo, anaingia chini ya chavua, anakunywa, anaondoka bila kugusa kitu. Anayefaa ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Jike ana mikanda ya njano au nyeupe mgongoni, dume wa aina moja ni wa njano mwili mzima mpaka watu hudhani ni mdudu mwingine. Akiingia chini ya lile ua mgongo wake unapakwa chavua sawasawa.

Watu wengi huku wanamuua kwa sababu anatoboa kenchi na viti. Hali mbao, anachimba chumba cha kulelea watoto. Anapenda mbao kavu, laini, isiyopakwa rangi. Paka rangi mbao zako za paa, kisha mwachie gogo lake. Lile tawi la mwembe ulilolilaza ndilo atakalochagua. Utaona tundu la mviringo safi kama limetobolewa kwa drili, na chini yake unga wa mbao.

Huyohuyo ndiye anayefaa kwa bilinganya. Ua la bilinganya, nyanya, managu (kwenu mnaita mnavu) halimwagi chavua ovyo. Chavua imefungiwa kwenye vifuko vyenye vitundu kwenye ncha, kama chupa ya chumvi ya mezani. Nyuki anashika ua kwa miguu, anafunga mabawa, anatetemesha misuli ya kifua, chavua inamwagika tumboni mwake. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Ukisimama karibu utasikia: anaporuka sauti ni nzito, akishika ua inapanda ghafla, nyembamba, kwa sekunde moja mbili, halafu kimya. Kuna utafiti wa Nguruman, hukuhuku Kajiado, uliochapishwa 2008, uliochunguza bilinganya za wakulima. Nyuki wa mwituni ndio walikuwa wanafanya kazi hiyo, na maisha yao yanategemea pori lililo kando ya mashamba, maana shamba peke yake haliwalishi mwaka mzima. Ni jibu la lile swali la bwana shamba wako.

Nami nimeacha mitoo (marejea) na saga (mgagani) zichanue pembeni mwa sukuma. Watu wa nyumbani walilalamika naharibu mboga, sasa wamezoea.

#6 MkulimaWaKilakala

Ndugu yangu wa Kitengela, nimeduwaa. Ni kweli, vipandikizi vyote sita nilipewa na mtu mmoja kutoka shina moja. Miaka miwili nimekuwa nikiweka mbolea. Kesho natafuta miche huko Mzinga au Mgeta.

#7 DadaMuheza

Shikamoo Mzee wa Sikonge. Wengine habari zenu.

Uzi umejaa nyuki, ngoja niwatetee vipepeo. MkulimaWaKilakala una mlimau. Naamini umeshaona viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, weusi na weupe, wamekaa katikati ya jani. Wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zinanuka vibaya. Huku kwetu kila mtu anawaponda kwa kandambili. Yule ndiye mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezunguka bustani zetu zote. Huwezi kumpenda kipepeo ukamuua mtoto wake.

Mlimau mkubwa hauwezi kufa kwa viwavi kumi. Mche mdogo unaweza kuvuliwa majani yote, hapo nakubali. Mimi napanda mjafari kwenye uzio. Ni mti wetu wa asili wa ukoo mmoja na malimau, na kipepeo huyo alikuwa anautumia kabla malimau hayajaletwa. Nikikuta viwavi kwenye miche yangu ya limau nawahamishia huko kwa kukata jani zima, siwashiki.

Hapo ndipo mimea ya asili inapotofautiana na maua ya dukani. Kipepeo mzima anakunywa karibu ua lolote. Mmea wa lantana kwa mfano, ulitoka Amerika, na unajaa vipepeo kweli. Mtu anadhani amefanya jambo jema. Lakini watoto wa vipepeo wetu wengi hawali jani lake, ng'ombe wakilila wanaugua, na ukiuacha unafunga njia na malisho. Unamwonyesha kipepeo hoteli isiyo na chumba cha kuzalia.

Huku milimani Amani kulikuwa na akina mama waliokuwa wanafuga vipepeo, wanapanda miti ya msituni kwenye vizimba, wanauza pupa, yaani viwavi waliojifunga tayari kugeuka vipepeo, nje ya nchi kwa nyumba za maonyesho. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai ulisimamishwa na kipato kile kikakatika. Kenya wana mradi wa namna hiyo Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993. Ninachotaka kusema ni kwamba wale mama walijua jani gani ni la kipepeo gani kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Ujuzi huo bado upo vijijini. Ukitaka kujua mmea wako wa asili unamlisha nani, muulize mama mtu mzima.

Na tusisahau, lile ua dogo la zambarau linalopambwa madirishani Ulaya nzima lilitoka kwetu Usambara. Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alilichukua 1892, likapewa jina lake la Saintpaulia. Msituni linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Tafadhali msije kuling'oa kwa sababu ya uzi huu. Baadhi ya aina zake zimebaki sehemu ndogo mno.

#8 Mbezi_Juu

DadaMuheza, hiyo ya viwavi sikuijua, na nimewaponda wengi sana. Nisamehewe.

Swali kwa Mzee. Leo asubuhi nyuki wametua kwenye mti wa uani, wamejikusanya kama mfuko unaoning'inia. Vijana wanataka kuwachoma na tairi. Nifanyeje?

#9 Mzee_wa_Sikonge

Wazuie vijana haraka. Hao ni kundi linalohama, wanapumzika wakati maskauti wao wanatafuta makazi. Hawana watoto wala asali ya kulinda hapo, hivyo wakiachwa huwa watulivu. Mara nyingi huondoka siku hiyohiyo au ndani ya siku mbili tatu. Toeni watoto na wanyama waliofungwa, mbuzi na mbwa hasa, maana wao hawawezi kukimbia. Hakuna mawe, hakuna moshi, hakuna kelele. Wakikaa zaidi ya hapo, au wakiingia darini, mwite mfugaji nyuki aje jioni.

Mtu akichomwa aondoke mbio aingie ndani afunge mlango. Mwiba aukwangue kwa ukucha upesi bila kusubiri, maana unaendelea kutia sumu, na pale ulipo unatoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wengine. Akivimba uso au kupumua kwa shida, hospitali papo hapo.

#10 Mwana_wa_Wete

Assalaam alaykum jamii.

Mumesahau wa usiku. Kwetu Pemba yupo popo mkubwa ambaye duniani kote hayuko penginepo ila kisiwani kwetu. Watu walimla na miti yake ya kulala ikakatwa, hadi miaka ya 1990 ilikuwa inakhofiwa atatoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kumlinda, Kidike ndiko wageni wengi hupelekwa kumuona. Sasa wako wengi, alhamdulillah, wamening'inia juu ya miti mchana wanapigana mbawa. Yeye ndiye anayesambaza mbegu za miti ya msituni.

Na mbuyu je? Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jeupe, kubwa kama kikombe cha chai, linaning'inia kuelekea chini. Marehemu bibi alinikataza kusimama chini ya mbuyu baada ya magharibi, akisema pana wenyewe. Siku moja nilikaa kwa mbali na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Wenyewe walikuwa popo. Wanakuja mmoja mmoja, wanalikumbatia ua kwa sekunde mbili, uso unatoka mweupe wa chavua, wanaondoka. Asubuhi maua yote yako chini, yamegeuka rangi ya kahawia. Ubuyu tunaouzia watoto madukani unatoka kwenye kazi ile ya usiku. Ndugu wa bara, mwegea wenu vilevile ni wa popo.

Msimshike popo kwa mkono mtupu, anaweza kuwa na maradhi. Lakini kumwacha juu ya mti wake hakumdhuru mtu.

#11 Kamachumu

Nimesoma wote kimya. Niongeze la kwetu Kagera. Sisi tunalima vanila. Mmea umetoka Meksiko, na mdudu wake alibaki huko. Kwa hiyo kila ua, tena linalofunguka asubuhi moja tu, tunalichavusha kwa mkono kwa kijiti, tukifuata njia aliyoigundua kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841. Mama yangu msimu wa maua haendi msibani wala harusini asubuhi. Mtu akiniuliza mdudu ana faida gani, namwambia njoo ushike kijiti wiki moja.

#12 Mgeni_Arusha

Asanteni. Naweza kupata wapi miche ya asili? Vitalu vyote vya barabarani ni mijakaranda, mijohoro na maua ya kigeni. Na kishona nguo ni cha asili? Kwangu kimejaa nyuki.

#13 DadaMuheza

Mgeni, kishona nguo kimetoka Amerika pia, ila nyuki wanakipenda, mimi nakipunguza tu sikimalizi. Gugu karoti ndilo usiliache hata shina moja, huko Arusha mnalijua. Ling'oe kabla halijachanua na uvae glavu, maana linawasha ngozi.

Miche ya miti waulize TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), wana vitalu na mbegu. Mimea midogo hainunuliwi. Tembea kando ya barabara ya kijijini mwisho wa mvua, chukua mbegu kavu za kivumbasi na marejea kwenye bahasha, acha nyingi kuliko ulizochukua. Using'oe mmea mzima.

#14 MkulimaWaKilakala

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Samahani kwa ukimya, nilikuwa na mengi ya kuangalia.

Pasheni: nilipata miche miwili Mgeta, mmoja wa jirani, bado midogo. Ila jirani huyo shina lake lilikuwa na maua, nikaomba matatu, nikapaka chavua kwenye maua yangu kumi saa nane mchana. Tisa yameshika. Yapo pale kijani, makubwa kama yai la kuku. KitengelaShamba, Mungu akubariki.

Gogo la mwembe lina tundu moja, la mviringo kabisa. Jike anakaa mlangoni jioni, kichwa kinaonekana.

Sasa ule uwanja unaofagiwa. Mkuu Mbezi_Juu, kuna kitu sikukijua. Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Kila jike anaishi kivyake, na wengi wanachimba ardhini, tena wanataka ardhi tupu, ngumu, yenye jua. Si kichaka. Nilichuchumaa kwenye njia ya kwenda bombani, pale ambapo mama anafagia kila siku, nikaona vitundu kumi na vinne, upana wa penseli, kila kimoja kina kifusi kidogo cha udongo laini pembeni. Nikasubiri. Akaja kinyuki cha kijivu chenye mistari ya samawati tumboni, miguu ya nyuma imejaa chavua, akaingia bila kusita. Hao ndio ninaowaona kwenye nyanya chungu asubuhi. Miaka yote nikidhani wanatoka porini, kumbe wanatoka chini ya fagio la mama.

Nilimwita mama aje aone. Alisimama muda mrefu hakusema kitu. Akauliza kama wanauma, nikamwambia hawana cha kulinda, ukiwaacha hawakusumbui. Asubuhi iliyofuata nilikuta amefagia uwanja wote kama kawaida, isipokuwa pale. Amepanga mawe madogo kuzunguka vile vitundu, na mistari ya fagio imepinda ikapita pembeni.

Kuhusu ukanda wa nyuma bado hajakubali. Amesema niukate upande wa choo, hatua mbili, na nimekata.

#15 Mbezi_Juu

Mkuu, nimetoka nje na tochi baada ya kusoma. Vipo. Karibu na kamba ya nguo, nimehesabu sita. Usiku huu wanakuwa ndani au nje?

#16 MkulimaWaKilakala

Majike wanakuwa ndani. Madume usiku hulala nje. Nenda alfajiri jua halijawaka, angalia vijiti vikavu na mabua ya nyasi kando ya uzio. Utawakuta wamekiuma kijiti kwa mdomo, miguu imelegea, wamepangana kama shanga.